Mafuta ya Kupikia na Uvimbe Mwilini: Tusiogope Chupa, Turudishe Samaki



Siku hizi unazunguka majumbani ujumbe kwamba mafuta ya alizeti ni sumu, ati yana omega-6 inayowasha moto mwilini, na dawa yake ni vidonge vya omega-3. Sisi tunaona huu ni ukweli nusu, na ukweli nusu huweza kuigharimu familia pesa na hata afya.

Kwanza tufahamu uvimbe ni nini. Mtu akijikata, pale palipokatwa hupata joto, huvimba na kuuma. Hiyo ni kinga ya mwili ikifanya kazi, na ni neema. Balaa ni uvimbe usioisha, kama ule wa baridi yabisi, au ule wa ndani ya mishipa ya moyo usioonekana kwa macho.

Omega-6 na omega-3 ni asidi za mafuta zinazotoka kwenye chakula. Kutokana na omega-6, mwili hutengeneza baadhi ya kemikali zinazochochea uvimbe. Omega-3 ya samaki hugombania vimeng'enya vilevile, ikatoa kemikali zilizo dhaifu zaidi, na nyingine zinazosaidia kuuzima. Hapo ndipo omega-6 ilipopewa jina la adui. Lakini watu wenye afya walipoongezewa omega-6 katika majaribio, alama za uvimbe katika damu kwa jumla hazikupanda. Mwaka 2009 Shirika la Moyo la Marekani lilionya kwamba kuipunguza huenda kukaongeza hatari ya maradhi ya moyo.

Kwa hiyo kasoro haimo ndani ya chupa ya alizeti. Kasoro ni samaki aliyetoweka kwenye sahani. Sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tunao mukeke, na tunao ndagala walio jamaa ya sardini. Tuwale walau mara mbili kwa wiki, wa mchuzi au wa kuchoma. Soya nayo ina omega-3, ila ni ya mimea, na mwili huigeuza sehemu ndogo tu kuwa kama ile ya samaki.

Ama mawese, karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda, basi tuyatumie kwa kiasi. Yanayostahili kuogopwa hasa ni mafuta ya transi, yaliyomo katika baadhi ya mafuta ya mgando ya viwandani. Hayo huongeza alama za uvimbe na kuudhuru moyo, na tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linazihimiza nchi kuyaondoa. Na mafuta ya sambusa yaliyokwisha kuwa meusi tuyamwage, hata katika Ramadhani ambapo karai haipoi.

Tunalolihofia zaidi ni mgonjwa wa baridi yabisi kuacha dawa za hospitali kwa kuamini vidonge. Ni kweli mafuta ya samaki kwa kipimo kikubwa huwapunguzia baadhi yao maumivu, lakini hayachukui nafasi ya dawa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuvinunua.

Wazazi wenzetu, kabla hatujatoa pesa kwa muuza vidonge, tupite kwanza kwa muuza ndagala.

Wabillahi tawfiq.