Kihisi kisinunuliwe kabla ya kupimwa waya

Ekskaveta ikisimama, saiti nzima inasimama. Malori yanapanga foleni bila kifusi cha kubeba, mwenye mtambo anapiga simu kila robo saa, na ndani ya kabini skrini inaonyesha taa na namba mbili tatu. Hapo ndipo pesa zinapopotea. Mtu anaitafuta namba kwenye simu yake, anaona jina la kihisi, na kabla ya jioni kipuri kimeshaagizwa. Kinafungwa, injini inawashwa, namba ileile inarudi.

Msimamo wetu ni kwamba kihisi, pampu au kompyuta ya injini isinunuliwe kwa sababu ya msimbo wa hitilafu peke yake. Msimbo hautaji kifaa kibovu. Unataja saketi nzima: kihisi, nyaya zake, plagi zake, na kompyuta inayosoma. Unachosema ni kwamba kompyuta imeona umeme isioutarajia. Umetoka wapi, hiyo ni kazi ya fundi na mita yake.

Chukua joto la maji ya injini. Katika mfumo wa J1939, unaotumika kwenye injini nyingi za mitambo mizito, msimbo una namba ya kitu kinachopimwa na namba ya aina ya hitilafu. 110 ni joto la maji. 3 ni volti kuzidi kiwango, 4 ni volti kuwa chini ya kiwango. Skrini ikiandika 110 na 3, wengi hukimbilia alteneta wakidhani inachaji kupita kiasi. Sivyo. Kihisi hiki kina nyaya mbili. Kompyuta inapeleka volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, na kihisi kinazishusha kadiri maji yanavyopata moto. Waya ukikatika, hakuna kinachozishusha, na kompyuta inaona volti 5 zote. Ndipo inapoandika kwamba volti zimezidi. Yaani kinachosomeka kama umeme mwingi kinaweza kuwa waya uliokatika, au pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika chache. Chomoa plagi ya kihisi, unganisha pini mbili za upande wa nyaya kwa kipande cha waya chenye ncha zisizopanua pini, kisha washa swichi. Msimbo ukihama kutoka 3 kwenda 4, nyaya ni nzima na kompyuta inaona. Kihisi ndicho kimekufa, kinunuliwe. Ukibaki 3 ileile, weka pesa mfukoni ufuate waya hadi kwenye kompyuta. Jaribio hili ni la kihisi cha nyaya mbili tu. Chenye nyaya tatu, kama cha presha ya oili, kina waya wa kukilisha volti 5, na mara nyingi waya huo unalisha vihisi vingine pia. Ukipiga shoti, misimbo inajaa skrini. Hata ikijaa yenyewe kwa mpigo, usiagize vihisi vitatu. Chomoa kimoja kimoja huku mita ikiwa kwenye ule waya. Volti 5 zikirudi, umekipata kinachoviangusha vingine.

Tahadhari moja haina mjadala. Msimbo 100 na 4 ni hitilafu ya umeme kwenye saketi ya presha ya oili. Msimbo 100 na 1 ni kompyuta ikisema kipimo inakiamini, na presha imeshuka hadi hatari. Huo wa pili, injini izimwe papo hapo na presha ipimwe kwa geji ya kufunga kwa mkono. Opereta asiyefundishwa tofauti hii anaweza kuua injini akisubiri fundi umeme.

Mengi huanzia mahali pa kawaida kabisa. Mtambo una betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24. Kichwa cha betri kikilegea au eathi ikishika kutu, volti zinaanguka stata inapozunguka na kompyuta zinaandika misimbo ya vitu visivyoumwa. Nyaya zinasuguana na chuma karibu na shina la boomu. Maji ya presha ya kuoshea yanaingia kwenye plagi. Panya nao wanatafuna. Kompyuta zikiacha kusikilizana, zima swichi kuu, pima kati ya nyaya mbili za mawasiliano: kwa kawaida utapata karibu omu 60, kwa kuwa kuna rezista ya omu 120 kila mwisho. Ukipata 120, upande mmoja umepotea.

Mafundi nao wanachangia. Kutoboa waya kwa sindano ili kupima kunaingiza maji, na baada ya muda shaba inageuka kijani na kukatika ndani ya ganda lake, mahali pasipoonekana. Kuchomelea ndoo bila kutenganisha betri, na eathi ya mashine ya kuchomelea ikiwa mbali na kazi, kunaweza kuunguza kompyuta. Na kuchomoa betri ili namba ifutike kunaweza kupoteza kumbukumbu ya hitilafu imetokea mara ngapi na saa ya mtambo ikiwa ngapi. Piga picha skrini kwanza.

Tunajua presha anayoishi nayo meneja wa karakana: mtambo wa kukodi unalipwa kwa saa. Ndiyo maana tunataka utaratibu, si nasaha. Fomu ya kuomba kipuri cha umeme iwe na nafasi ya kuandika vipimo: volti kwenye plagi, omu za waya, jina la aliyepima. Ikiwa tupu, isisainiwe.

Mawakala wauze michoro ya nyaya pamoja na mtambo, si kuifungia kwenye kompyuta zao. Anayeingiza ekskaveta iliyotumika kutoka Japani, mara nyingine ikiwa na skrini ya Kijapani, ahakikishe inabadilishwa lugha au inakuja na orodha ya misimbo kabla haijapelekwa saiti. Nao VETA na vyuo vingine vya ufundi wampe kila mwanafunzi wa mitambo mizito mita, plagi yenye hitilafu iliyofichwa, na muda wa kuitafuta. Mtihani wa mwisho upime hilo.