Walokole mmewasahau

Makala yenu kuhusu wongofu ni nzuri, ila mwandishi amechukulia kwamba kuongoka ni kuhama dini moja kwenda nyingine tu. Huku Afrika Mashariki vuguvugu kubwa la wongofu la karne iliyopita, la walokole (yaani “waliookoka”), liliwakumba watu waliokwisha kubatizwa. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, alikutana Namirembe, Kampala, na daktari Mwingereza Joe Church. Wote Waanglikana, na wote waliona kanisa limepoa. Miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. (Nadhani majirani walilifurahia hilo kuliko mahubiri yenyewe!) Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa wote: mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi walokole 26, akiwemo William Nagenda. Waafrika kama Nsibambi walikuwa mstari wa mbele, kwa hiyo kusema wongofu Afrika ulikuwa kazi ya wamisionari peke yao si kweli. Mhariri, tunaomba makala ya pili, safari hii kuhusu walokole.