Vijana wa Majengo wafundishwe kutafuta kosa la programu, si kuandika tu

Fundi wa simu anayejua kazi yake, awe Majengo au Birere, habadilishi kila kipande kwa kubahatisha. Anachukua mita, anafuata njia ya umeme hatua kwa hatua, mpaka afike pale unapokatika. Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu za kompyuta hawafundishwi hivyo. Programu ikikosea, wanabadilisha mstari mmoja, wanaiendesha tena, wanaomba Mungu.

Mita ya mwandishi wa programu ipo, nayo inaitwa dibaga. GDB, moja ya dibaga zinazojulikana zaidi, ilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1986. Ni ya bure, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Kwa mji kama Goma, ambako kijana hununua megabaiti kwa kuhesabu, hilo si jambo dogo.

Dibaga huisimamisha programu na kuiacha isonge mstari mmoja mmoja. Ikifika kwenye funksheni, mtumiaji anachagua: kuingia ndani au kuiruka. Kuiruka kunaonekana rahisi, lakini ndani yake kuna kazi. Dibaga huweka alama ya kusimama pale funksheni itakaporudi, kisha huiachia ikimbie. Kama funksheni hiyo inajiita yenyewe, wito wa ndani unaweza kufika kwenye alama hiyo kwanza. Dibaga isiyokagua iko kwenye wito gani itasimama mahali pasipofaa na kuonyesha hesabu za wito mwingine.

Tena kuna rejista, visanduku vichache ndani ya prosesa vinavyoshika namba zinazofanyiwa kazi. Kwenye kompyuta za Intel, mahali pa kurudia baada ya funksheni huandikwa kwenye kumbukumbu. Kwenye prosesa za ARM, zinazotumika katika simu nyingi, mahali hapo hushikwa kwanza na rejista. Kwa ARM za biti 64 ni x30. Dibaga inayotafuta kwenye kumbukumbu funksheni inapoanza tu itapotea. Vilevile, funksheni ikitaka kutumia rejista x19 hadi x28, lazima itunze kwanza yaliyomo na kuyarudisha inapomaliza. Dibaga isiyojua yametunzwa wapi itamwonyesha fundi namba isiyo yake, naye atatafuta kosa pasipo na kosa.

Wapo watakaosema mambo hayo ni ya wahandisi wa Ulaya, na kwamba kijana wa Majengo anahitaji kazi ya haraka: tovuti ya duka, programu ndogo ya simu. Njaa haisubiri, ni kweli. Lakini benki za Goma zilipofunga milango mapema mwaka 2025, wakaaji walizidi kutegemea simu kupokea na kutuma pesa. Programu inayogusa pesa haisamehe kubahatisha. Ikikata ada mara mbili kwa mteja mmoja kati ya mia, anayeumia ni mama muuzaji wa makala au wa unga, ambaye faida yake ya siku ni ndogo kuliko ada hiyo. Kosa lililofichwa bila kueleweka hurudi, na mara nyingi hurudi siku ya soko.

Kwa hiyo vyuo vikuu na vituo vya mafunzo vya Goma vibadilishe mtihani. Badala ya kumwomba mwanafunzi aandike programu mpya ubaoni, apewe mistari 50 iliyoharibika, kompyuta bila intaneti, na saa moja. Aonyeshe ni mstari gani, ni namba gani, na kwa nini. Mashine ya zamani inatosha. Chumba kimoja chenye kompyuta tano na betri kinaweza kufundisha darasa zima kwa zamu.

Na dibaga yenyewe ikikosea? Msimbo wa GDB uko wazi. Yeyote anaweza kuusoma na kutuma marekebisho. Aliyezoea kufuata kosa hatua kwa hatua ataweza kuifungua mita yake mwenyewe na kuitengeneza. Asiyezoea atabaki kungoja fundi kutoka mbali, huku pesa za majirani zake zikipita ndani ya programu ambayo hakuna mtu mtaani anayeweza kuikagua.