Kabla ya Kukamua Ndimu, Lijue Doa

Maelekezo ya kutoa madoa kwa vitu vya jikoni yamezagaa siku hizi, na mengi yanaahidi dawa moja ya kila doa: siki, magadi na ndimu ndani ya chupa moja. Vitu hivyo naviunga mkono kwa moyo wote, maana ni vya bei nafuu na vinafanya kazi kweli. Ninachokipinga ni hiyo chupa moja. Siki na ndimu ni asidi, magadi ni besi. Vikikutana vinatoa povu jingi la kuvutia macho, lakini povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi inayotoroka tu. Asidi na besi zimekwishauana, na anayefua amebaki na maji ya chumvichumvi. Dawa ya doa huanza na kulijua doa lenyewe.

Tazama damu. Ina protini, na maji ya moto huigandisha ndani ya nyuzi kama yai kikaangoni. Inataka maji baridi, tena mapema. Kutu haisikii sabuni hata ukisugua hadi kitambaa kichakae, ila asidi ya ndimu huiyeyusha: paka ndimu na chumvi kwenye nguo nyeupe, iache juani, kisha suuza. Mafuta yanataka kinyume chake, yaani sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Linalotisha wengi ni doa la bizari ya manjano kwenye kanzu baada ya biriani: likiguswa na sabuni hugeuka jekundu, na mtu hudhani ameiharibu nguo. Hajaiharibu. Rangi ya bizari hiyo hubadilika hivyo ikikutana na besi kama sabuni. Suuza sabuni yote itoke, kisha anika kanzu kwenye jua kali, kwa sababu mwanga wa jua huivunja rangi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba sabuni za unga za dukani zimemaliza kazi hii. Ni kweli kwamba baadhi zina vimeng'enya vinavyokata protini, na kwa damu au maziwa zinasaidia sana. Lakini kimeng'enya cha protini hakiondoi kutu, hivyo hata mwenye sabuni ya bei kubwa hana budi kujua anapambana na nini. Wengine watasema cha asili hakidhuru. Hapo ndipo penye hatari. Ndimu inaweza kupausha khanga, na magadi huharibu hariri na sufu; jaribu kwanza kwenye upindo. Baya kuliko yote ni kuongeza jiki kwenye siki au ndimu ili dawa iwe kali zaidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ileile iliyotumika kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Katika bafu lisilo na dirisha, gesi hiyo huumiza mapafu.

Asidi na besi zimo katika kemia ya sekondari, na vijana wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani. Walimu wazifundishe pia kwa kitambaa chenye kutu na kingine chenye manjano, ili kila mwanafunzi, wa kike kwa wa kiume, ajue kwa nini doa moja linataka ndimu na jingine sabuni. Ujuzi huo utaokoa nguo, fedha na pumzi za wanaofua.