Mzinga Upi kwa Mkulima wa Simiyu?

Oktoba 2025, wakati wa sikukuu ya Diwali, hospitali za Bhopal nchini India zilipokea watoto wengi waliojeruhiwa macho. Chanzo kilikuwa mzinga wa kienyeji wa bomba la plastiki, unaolipua gesi kwa cheche ya kiwashio cha jiko. Kabla ya kugeuzwa mchezo, chombo hicho kilikuwa mikononi mwa wakulima waliofukuza nyani na ndege.

Habari hiyo inatuhusu. Simiyu inapakana na Serengeti na Pori la Akiba Maswa. Katika vijiji vya Bariadi, Itilima na Meatu, tembo huvuka mpaka usiku na kuingia mashambani. Mkulima hupiga debe na kuwasha moto. Tembo, mnyama mwenye akili, huzizoea kelele. Anayeona chakula cha mwaka kikiteketea atatafuta mshindo mkubwa zaidi.

Na cheche haina ugumu. Milimita moja ya hewa hupasuka kwa takriban volti 3,000, na kiwashio cha jiko huzitoa kwa kubonyeza kidole, bila betri. Kilicho kigumu ni kuzuia kinachofuata. Bomba la maji halikutengenezwa kuhimili mlipuko. Likipasuka, vipande vyake humrudia aliyelishika. Gesi ikichelewa kuwaka, mtu huchungulia, na hapo ndipo jicho hupotea.

Mtumishi wa umma atasema sheria ipo: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Ni kweli, lakini sheria inayomnyang'anya mkulima kinga bila kumpa nyingine inamwachia tembo shamba. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kulingana na umbali kutoka mpakani, kwa ekari zisizozidi tano. Hata jina lenyewe linakiri kwamba hiyo si fidia. Jasho hufutwa, ghala hubaki tupu.

Kiswahili kina neno moja, mzinga, kwa kinacholipuka na kwa kinachotoa asali. Huko Sagalla, karibu na Tsavo nchini Kenya, uzio wa mizinga ya nyuki umepunguza uvamizi wa tembo, nao wakulima huvuna asali. Si dawa ya kila shamba, ila ikiunganishwa na tochi kali, kamba zilizopakwa pilipili na askari wa vijiji wenye usafiri, inampa mkulima sababu ya kutocheza na mlipuko.

Halmashauri ziweke fungu hili katika bajeti kabla ya mahindi kukomaa. Walimu wa fizikia nao waeleze wazi jinsi cheche inavyozaa mlipuko, kwa kuwa kijana asiyefundishwa darasani atajifunza kwa jicho lake. Tukisubiri majeruhi wa kwanza ndipo tutoe tamko la katazo, tutakuwa tumechagua kutojifunza kwa Bhopal.