Maradhi ya Viungo Yatokayo Katika Pipa la Maji

Mwenye kushika Ndia Kuu asubuhi kutoka Ngomeni huwaona mahamali wakisukuma mikokoteni na mafundi wakiinamia kazi zao. Kazi hizo zote zategemea mifupa. Mtu mzima anayo mifupa 206. Mrefu kuliko yote ni ule wa paja, na mdogo kabisa umo ndani ya sikio. Penye viungo kama goti na kifundo, ncha za mifupa zimefunikwa gegedu laini, tena zimelowa ute ili zisisagane, kama ekseli ya mkokoteni ipakwavyo mafuta.

Kiungo kikiuma, wengi wetu husema, "Hii ni baridi yabisi," tukaulaumu upepo wa kusi. Lakini maumivu ya viungo yana asili nyingi. Kuna kulika kwa gegedu uzeeni, kuna jongo, na kuna ugonjwa mmoja uletwao na mbu.

Ugonjwa huo huitwa chikungunya. Jina hili ni la Kimakonde, na maana yake ni kupinda au kukunjamana, kwa jinsi mgonjwa anavyoinama kwa maumivu. Ulitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika, mwaka 1952 na 1953. Mwaka 2004, wakati wa ukame, uliwapata watu wengi sana Lamu, ukafika na Mombasa mwaka uo huo. Ulirudi tena Mombasa mwishoni mwa mwaka 2017, ukaendelea hata 2018.

Mgonjwa hushikwa na homa kali ghafula, na vifundo, vidole na magoti humuuma mno. Homa huondoka kwa siku chache, lakini maumivu ya viungo huweza kukaa miezi, hata miaka. Mtu haufi mara nyingi ugonjwa huu. Hasara yake ni nyingine. Hamali hawezi kushika mkokoteni, karani hawezi kushika kalamu, wala mkulima jembe. Na nyumbani watoto wangoja chakula.

Mbu huyu si yule wa malaria. Ni mweusi mwenye madoa meupe, naye huuma mchana. Hapendi kinamasi, hupenda maji safi yaliyowekwa nyumbani. Katika Mji wa Kale, ambapo maji ya bomba hukatika, kila nyumba ina mapipa na mitungi. Huko ndiko atagako. Mayai yake hugandama ukutani mwa pipa, na hata pipa likikauka hukaa miezi yakingoja maji.

Basi yafaa tufanye hivi. Funika kila chombo cha maji. Mara moja kwa juma kimwage na kukisugua ndani kwa brashi, kwani kumwaga tu hakuyaondoi mayai. Nanyi wa mashambani, fukieni vifuu vya nazi na makopo yashikayo mvua.

Mwenye homa na maumivu ya viungo na aende hospitali apimwe. Hakuna dawa ya kuufukuza ugonjwa wenyewe. Hupumzishwa, hunyweshwa maji mengi, hupewa parasetamoli. Asimeze aspirini kabla ya kupimwa, kwani huenda homa yake ni ya dengi, na aspirini huzidisha kutoka damu.

Pipa moja lililoachwa wazi huzaa mbu wa kuuma nyumba za jirani pia. Kulifunika ni heshima kwa mtaa mzima.