Mwenye Sura na Mwenye Kamera

Mjadala juu ya upangaji wa picha za sura za kibunifu umewagawa waandishi wa toleo hili katika kambi mbili zisizoelekea kupatana. Picha za namna hiyo ni zile za mtu mmoja au wachache ambazo hazitosheki na kuthibitisha kwamba fulani ndiye fulani, kama ifanyavyo picha ya pasipoti, ila hukusudia kueleza hali ya moyo wake, hadhi yake au ndoto yake. Kambi ya kwanza inashikilia kwamba mpiga picha makini huja na dhana iliyokwisha kukamilika, iliyochorwa karatasini pamoja na vazi, rangi, mahali na mkao, na kwamba anayepigwa picha huingia ndani ya dhana hiyo kama mwigizaji apandavyo jukwaani. Kambi ya pili inauona mpango kuwa adui wa ukweli, na inadai kwamba sura hufunguka pale tu mtu anapokutwa hajajiandaa. Ugomvi huu una kelele kuliko tofauti, kwa kuwa pande zote mbili zimekubaliana, bila kutamka, kwamba mwenye mamlaka ya kupanga au kutopanga ni yule aliyeshika kamera. Toleo hili limeandaliwa kwa ajili ya kulitilia shaka kubaliano hilo.

Kata ya Ulaya katika wilaya ya Kilosa (ile Ulaya ya ng'ambo itatajwa mara moja tu, tena kwa sababu ya picha) iliteuliwa kuwa uwanja wa mjadala kutokana na mahali ilipo. Iko njiani kati ya Kilosa na Mikumi, katika ujirani wa hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ambayo barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa huikata katikati. Kwa hiyo ni mahali panapofikiwa kwa urahisi na mpiga picha wa mjini anayetafuta kile anachokiita uhalisia. Matokeo ya safari hizo yanajulikana kwa kila msomaji: machweo mekundu, mbuyu, na kijana wa Kiparakuyo aliyesimama kwa mguu mmoja huku ameegemea fimbo. Kijana huyo kwa kawaida ana simu kiunoni na pikipiki nyuma ya mbuyu, lakini vyote viwili huombwa viondolewe kabla kamera haijainuliwa, na kisha picha hupewa sifa ya kuwa ya asili. Wakulima wa kata hiyohiyo, walio wengi kuliko wafugaji, hawaonekani kabisa katika picha hizo, labda kwa sababu jembe halipendezi mbele ya machweo.

Historia ya studio katika Afrika Mashariki huwafedhehesha wale wanaodhani kwamba ubunifu uliletwa na kamera za dijitali. Studio ya A. C. Gomes, Mgoa aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19 na ambaye jina lake liliendelezwa na familia yake, yatosha kuonyesha mzizi wa jambo lenyewe. Humo zilitoka picha za aina mbili. Za kwanza ziliagizwa na kulipiwa na watu wenyewe, ambao walikuja na mavazi yao, mapambo yao na makusudi yao. Za pili ziliuzwa kwa wasafiri kama kadi za posta, na ndani yake mwanamke aliyepambwa vizuri mno hubaki bila jina, chini yake pakiwa pameandikwa kabila au kazi tu. Ufundi wa mwanga na lenzi ni wa mkono mmoja katika aina zote mbili, na hata pazia, yaani kitambaa kinachotundikwa nyuma ya anayepigwa picha ili kumtenga na ukuta au kumweka katika mandhari ya kubuni, halisaidii kuzitofautisha. Kinachozitenga ni swali la nani alipanga. Wasafiri wa mwishoni mwa wiki huko Mikumi, pamoja na kamera zao za bei kubwa, wamerudi kwenye biashara ya kadi za posta bila kujua.

Zipo picha zinazouvuruga mgawanyo huo, na ingekuwa si haki kuzificha. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyetoroka Unguja mwaka 1866 na kujulikana kwa jina la Emily Ruete baada ya ndoa, alipigwa picha Hamburg akiwa katika mavazi ya Kizanzibari, na si rahisi kusema kama alikuwa akijieleza mwenyewe au akiwapa watazamaji wa huko binti mfalme waliyemtamani. Msimamo wa uhariri unaegemea upande wa kwanza, kwa hoja kwamba mwanamke aliyechapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1886, tena kwa lugha ya Kijerumani aliyojifunza ukubwani, hakuwa mtu wa kuvalishwa tu.

Baada ya Gomes ushahidi unazidi kuwa mwingi. Capital Art Studio, iliyofunguliwa Unguja na Ranchhod Oza mwaka 1930, ilipiga picha za watu wa ikulu na za watu wa mtaani vilevile. Mombasa, N. V. Parekh aliwapokea wateja waliokuja na mikao waliyoiona katika filamu za Kihindi, na kazi yake ilikuwa kuutafuta mwanga wa kuufaa mkao ulioletwa. Kivukoni Likoni, katika miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia ya rangi kali, yaliyochorwa meli, ndege na majumba ya ghorofa, na wateja wao, wengi wakiwa wahamiaji kutoka bara, walizituma picha hizo nyumbani kama habari za maisha yao ya pwani. Lamu, Omar Said Bakor, aliyefariki mwaka 1993, alikata na kuunganisha picha hata sura ya mteja ikachomoza ndani ya ua au pambo, na leo vijana wanaofanya jambo hilo kwa programu ya kompyuta huitwa waanzilishi. Nje ya eneo hili, Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio yake mwaka 1948, aliweka suti, saa, redio na hata pikipiki ya Vespa ili mteja ajichagulie. Katika mifano yote hii palikuwa na mpango, tena mpango mkali. Mpiga picha alikuwa fundi wa mpango huo, kama mshonaji apokeavyo kitambaa na vipimo, na hakuna aliyemwona kuwa mdogo kwa sababu hiyo.

Kutokana na historia hiyo, kikao cha picha kitakachofanyika Ulaya, Kidodi au mjini Kilosa kinapaswa kuanza kwa mazungumzo yanayofanyika siku nyingine, bila kamera, na mwenye sura ndiye anayepaswa kusema zaidi. Mambo ya kuulizwa si mengi, lakini kila moja lina uzito: picha itatundikwa wapi, ataiona nani, ni nguo ipi mtu anajiona kamili ndani yake na ipi hataki kuonekana nayo, ni kitu gani cha nyumbani angependa kiwe mkononi au kando yake, na ni nani wa kukaa naye. Swali la nani ataiona ndilo linalosahauliwa mara nyingi zaidi, ilhali ndilo linaloamua mengine yote, kwa kuwa picha inayokwenda kwa mkwe si ile inayokwenda kwa rafiki, na ile ya kubaki ukutani baada ya mtu kufariki huwa na masharti yake yasiyofanana na ya nyingine yoyote.

Hapo ndipo wapiga picha wa kisasa huanza kunung'unika, kwa sababu majibu wanayopewa hayafanani na picha walizozihifadhi simuni kama vielelezo. Mama mwenye umri wa miaka sitini, anayelima ufuta, huenda akataka kuketi kwenye kiti cha sebuleni kilichotolewa nje, amevaa kitenge alichoshonewa kwa ajili ya harusi ya mwanawe, mikono imewekwa magotini, uso umeelekea kamera moja kwa moja bila tabasamu, na miguu yote miwili ionekane mpaka viatuni. Moja ya makala za toleo hili inauita mkao huo ugumu unaopaswa kulainishwa kwa mzaha na muziki. Makala hiyo imechapishwa kwa sababu imeandikwa vizuri, lakini hoja yake haikubaliki. Utulivu wa mama huyo ni usemi uliochaguliwa, wenye adabu na mamlaka ndani yake, na anayeuvunja kwa mzaha ili apate cheko la kupendeza amemnyang'anya mteja sentensi yake katikati na kuimaliza kwa maneno yake mwenyewe. Mpiga picha mbunifu katika hali hiyo ana kazi tele: kuchagua urefu wa kamera ili mwenye sura asitazamwe kutoka juu, kuipanga rangi ya pazia dhidi ya rangi ya kitenge, kuamua ni kiasi gani cha ukuta wa tofali kibaki, na kuitunza mikono, ambayo katika picha nyingi za wakulima hueleza kuliko uso na bado hukatwa ovyo.

Pazia linastahili kurudishwa heshima yake. Hoja kwamba nyuma ya mtu wa Ulaya pana milima na miti ya kutosha, hivyo kitambaa ni cha nini, ni hoja ya mgeni. Mwenyeji huiona milima hiyo kila siku na huenda asione sababu ya kupigwa picha mbele yake, kama ambavyo mkazi wa Kariakoo hataki picha ya ukumbusho mbele ya foleni ya magari. Kitenge, khanga, shuka au turubai lililokunjuliwa kivulini mwa mwembe humpa mtu mahali pake alipopachagua, na ni rahisi kulibeba kwenye bodaboda.

Wenye dhana nao wana watetezi wazito. Osborne Macharia wa Kenya, aliyesomea usanifu majengo kabla ya kuingia katika picha, hubuni visa kamili na kuwapa wahusika wake historia isiyokuwapo, kama katika mfululizo wa Nyanye, ambamo bibi wazee huvalishwa kama wakuu wa mashirika waliostaafu na kuanza kustarehe. Thandiwe Muriu, pia wa Kenya, katika mfululizo wake wa Camo, humfunika mtu na ukuta kwa kitambaa cha aina moja hata mipaka ya mwili ipotee, na vitu vya kawaida vya nyumbani hugeuzwa miwani. Kazi hizo ni bora na hakuna haja ya kuzitolea udhuru, kwa kuwa zinatangaza wazi kwamba ni hadithi, na waliomo wanajua wanachokiigiza. Shida huanza kwa waigaji, wanaochukua mtu asiyejua hadithi, wakamvalisha, wakampaka rangi usoni, kisha wakaandika chini ya picha jina la kijiji chake kana kwamba ndivyo alivyokutwa.

Kuhusu mwanga, makala ya fundi mmoja wa Morogoro inatosheleza na inapaswa kusomwa na wanaoanza. Ulaya iko karibu na nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupanda karibu wima, kwa kasi ya takribani nyuzi 15 kwa saa, na mwanga laini wa asubuhi unaosifiwa katika vitabu vya nchi za kaskazini huisha hapa mapema mno. Anayefika saa mbili na nusu amekwisha kuchelewa. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua la adhuhuri husimama utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo meusi, na hapo kivuli cha wazi, yaani kivuli cha mti au baraza kinachopokea mwanga wa anga bila jua lenyewe, ndicho kimbilio, pamoja na kioakisi, ambacho chaweza kuwa shuka jeupe tu lililoshikwa chini ya uso. Fundi huyo anaonya pia kuhusu kipima mwanga cha kamera, ambacho hukadiria kila kitu kuwa cha rangi ya wastani na hivyo hukosea pale mtu mweusi anapovaa kanzu nyeupe. Angeweza kwenda mbali zaidi. Filamu za rangi za Kodak zilisawazishwa kwa miongo kadhaa kwa kadi zilizoitwa za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na utafiti wa Lorna Roth wa Kanada unaonyesha kwamba malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao yalichangia kurekebishwa kwa filamu hizo. Ngozi za watu zilifaidika kwa sababu ya kabati.

Makala ya sheria ni fupi na ya lazima: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaigusa picha inayomtambulisha mtu, na ridhaa iliyotolewa kwa kutikisa kichwa kando ya barabara haimtoshi mpiga picha anayetaka kuiuza. Kazi ya biashara ndani ya Hifadhi ya Mikumi inahitaji kibali cha TANAPA. Tafakuri juu ya picha za harusi inapendeza. Ile inayotabiri kwamba akili mnemba itawaondoa wapiga picha imewekwa mwishoni, mahali pake.

Kuanzia toleo lijalo, kila picha ya sura itakayoletwa ofisini itaambatana na maelezo mafupi yanayosema nani alichagua vazi, nani alichagua mahali na mkao, kama mwenye sura amekwisha kupewa nakala iliyochapishwa kwenye karatasi, na kama amekubali jina lake litajwe au amekataa. Picha zisizo na maelezo hayo zitarudishwa kwa waliozileta, hata zikiwa na machweo.